Kupepetwa kwa Tulinave

1

Ng'ombe wa mbele walikuwa wameshaingia mtoni Odilia alipokwama. Kidole gumba kilimteleza kwenye pedi, fahali wake akageukia mkondo, na nusu ya kundi ikamfuata kwa ujinga ule ule wa ng'ombe wa kweli. Odilia akapiga yowe. Ng'ambo ya pili, msichana wa sweta la kijani aliyekuwa ameshavuka alisimama, akatazama nyuma, akarudi majini hadi kiunoni, akamshika fahali pembe na kumwelekeza. Alipokwisha kuwatoa wote salama alitikisa makalio kwa dharau, mara mbili tatu, kumwonyesha mama yake kwamba uzee umebisha hodi.

"Mshenzi wewe," Odilia akasema, akicheka peke yake sebuleni.

Msichana huyo alikuwa Tulinave, binti yake wa pekee, na Tulinave alikuwa na miaka miwili kaburini.

Tangazo likatokea juu ya kioo. Lilikuwa lile lile la wiki nzima, ila safari hii halikuwa na kitufe cha kulifunga. Zeze la Nne litanyamaza mwisho wa mwezi. Wenzi wote watakaobaki ndani yake watanyamaza nalo. Karibu kwenye Zeze la Tano.

"Jikaribishe mwenyewe," Odilia akalijibu.

Mwanzoni wenzi walikuwa jambo la mzaha. Pedi ya Zeze, ile mashine ya michezo, ilisoma jasho la kiganja, mapigo ya damu, na namna kidole kinavyosita kabla ya kubonyeza, na kutokana na hayo ikamtengeneza mtu wa kukushikia nafasi ukiitwa jikoni. Ukirudi unamkuta mwenzi wako amecheza kama ambavyo wewe ungecheza, na makosa yako yote ameyafanya. Kisha wachezaji wakaanza kufa, kama watu wafavyo, na wenzi wao wakaendelea kucheza. Kampuni haikuwa imelifikiria hilo. Sheria ilikuja baadaye ikichechemea, ikasema mwenzi wa marehemu ni wa nyumba ya marehemu, na huko Kihesa, kwenye baridi ya Iringa, mama mmoja mfuma masweta ambaye hakuwahi kushika pedi maisha yake yote akaanza kujifunza kuchunga ng'ombe wa kwenye kioo.

Utauliza, kwa nini basi asinunue hilo la Tano yakaisha? Uwezo alikuwa nao. Tatizo ni kwamba wenzi wa Zeze la Nne ni mabubu, wana mikono tu. Wa Zeze la Tano wanasema. Ule mkono uliosomwa miaka yote unachambuliwa hadi ndani, unapewa sauti na akili yake, na mtu anakaa sebuleni kwake anaongea na marehemu wake. Bwana Kalinga wa mtaa wa chini alisikika akigombana na mkewe juu ya chumvi ya mboga, na mkewe alizikwa kabla ya mvua za mwaka juzi. Odilia alitamani kuisikia sauti ya Tulinave kuliko kitu chochote. Na aliiogopa kiasi hicho hicho.

Kwani maneno ya mwisho ya binti yake aliyajua. Hospitalini, mwezi wa mwisho wa ugonjwa wa damu, Tulinave alimwambia, "Mama, inatosha. Waambie waniache, nirudi nyumbani nikafie kitandani kwangu." Odilia akatoka nje, akamwambia daktari waendelee. Binti akachomwa, akawekwa mirija, akachomwa tena, na tangu siku hiyo hakumsemesha mama yake. Alikufa amegeukia ukutani.

Baada ya hapo ndipo Odilia alipoliwasha Zeze la marehemu kwa mara ya kwanza, akaingia mtoni kwa woga, akakwama, na yule msichana bubu wa sweta la kijani akarudi nyuma kumchukua. Odilia alilia mpaka jirani wakaja. Amenisamehe, aliwaambia. Mnaona? Amerudi kunichukua. Kwa miaka miwili hakuwa na kingine cha kumweka hai, na alikuwa akikitazama kila siku ya Mungu.

2

Fundi wa kampuni aliitwa Lwitiko, kijana mpole aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikuja na Zeze la Tano ndani ya mfuko wa nguo, akaliweka mezani, akaliunganisha na la Nne kwa waya mfupi.

"Simwamshi leo, mama," alisema. "Leo ni kupima tu. Kabla mwenzi hajahama lazima apepetwe."

"Apepetwe kama mchele?"

"Kama mchele. Mwenzi anayesema ni lazima awe wa mtu mmoja. Ukikuta mtoto alishika pedi ya baba yake, ule mkono wa mtoto unatolewa. La sivyo tunakuwa na mtu anayezungumza kwa jina la mwingine, na hiyo ni kesi."

Odilia akamletea chai. Lwitiko aliitazama michirizi iliyokuwa ikishuka kwenye kioo, akaacha kunywa.

"Mama, nani mwingine alishika pedi ya binti?"

"Hakuna. Mimi nina yangu."

"Kuna mikono miwili humu." Akasogeza kiti ili naye aone. Michirizi ya buluu ilikuwa mingi lakini myembamba, na ya njano ilikuwa michache lakini minene. "Huu wa buluu ni wake, wa miaka mingi, hadi siku za hospitalini. Huu wa njano ni wa siku moja. Mwanamke, mtu mzima, vidole vizito. Na siku hiyo palikuwa na watu wengi chumbani wanapiga makofi na kucheka. Mashine hizi hujifunza kwa pupa mahali penye shangwe, zinadhani ndipo penye maana. Kwa hiyo siku moja ile imepata uzito wa miaka." Akasoma tarehe iliyokuwa pembeni.

Odilia akaitambua. Ilikuwa siku ya mazishi.

Ni lazima ieleweke jinsi Wahehe wanavyozika wakiwa na watani wao Wangoni karibu. Watani hawaji msibani kutoa pole, wanakuja kuvuruga. Watalala kaburini wakatae kutoka, watavaa nguo za marehemu, watamwigiza alivyotembea na alivyokuwa mchoyo, na wafiwa watacheka kwa nguvu huku kamasi zikiwatoka, na kwa namna hiyo uchungu unapata pa kutokea. Chochote anachokishika mtani ni chake mpaka mfiwa akikomboe, kwa kuku au kwa debe la ulanzi, pombe ya mianzi. Kinakombolewa upesi, maana mtani akiachwa nacho sana anakuwa kama amemhamia marehemu.

Siku ile, Skolastika Mbano, Mngoni wa nyumba ya tatu, alitoka chumbani kwa Tulinave amejibana ndani ya sweta la kijani, kitovu nje, akajitupa mbele ya Zeze akatwaa pedi. "Mimi ndiye Tulinave!" alitangaza. "Sijafa, nimechoshwa na kelele zenu Wahehe!" Akacheza. Alikosea makusudi, akatukana ng'ombe, akainuka kutikisa makalio mbele ya padri. Shangazi za marehemu walishamshika kuku wa kumkomboa. Odilia ndiye aliyewazuia. "Mwacheni," alisema, kwa kuwa alikuwa anacheka, na alikuwa hajacheka kwa muda mrefu. Skolastika akacheza mpaka jua likatua, na hakuna aliyekumbuka kuondoa jina la Tulinave kwenye mashine.

"Nionyeshe," Odilia akasema. "Pale mtoni. Anaporudi nyuma kunichukua. Ni rangi gani?"

Lwitiko alisogelea mashine. Akalitafuta tukio hilo, akaliweka kwenye kioo, akatazama chini.

Lilikuwa la njano. Na lile la makalio lilikuwa la njano. Yule wa buluu alivuka mto, akaendelea kwenda, hakugeuka.

"Una njia tatu, mama," kijana akasema taratibu. "Umpepete, ubaki na wa buluu peke yake. Au umwache humu, anyamaze pamoja na mashine mwisho wa mwezi. Au huyo mwenye mkono wa njano akiridhia, tunaandikisha mwigo. Atabaki huyu unayemjua, tutampa sauti, ila kisheria atakuwa ni mwigo wa huyo mama, si binti yako. Ukishachagua hakuna kurudi."

"Huyo wa buluu atasema?"

"Atasema. Na kuna jambo lazima nikueleze, ni sheria. Mwenzi wa Tano anaruhusiwa kuomba aondoke kabisa. Akiomba, wewe unaulizwa ndiyo au hapana. Wengi hawaombi."

3

Skolastika alikuwa kwenye mianzi yake nyuma ya nyumba, anagema ulanzi, amefunga kanga juu ya koti la mvua.

"Kamwene, Mhehe!" alimsalimu kwa Kihehe alipomwona. "Umekuja kunywa au umekuja kuniomba radhi kwa niaba ya babu zako?"

"Nyamaza wewe, uliyekuja kwa miguu kutoka kusini."

"Tulikuja kwa miguu tukawakuta mmejificha!"

Odilia alijaribu kucheka ikashindikana. Akakaa kwenye gogo akamweleza yote: mikono miwili, mto, njano na buluu, na huo mwigo. Alipokuwa akieleza, Skolastika aliushusha mkono wenye kisu, na uso wake ukapoteza ule ucheshi uliokuwa umeuzoea.

"Ngoja," alisema. "Kwa hiyo ule mchezo wangu wa msibani umeuweka sebuleni miaka miwili?"

"Sikujua ni wako."

"Sasa unajua."

"Nataka uridhie tu, mtani. Weka kidole kwenye mashine ya yule kijana. Hutapungukiwa na kitu."

Skolastika akakaa kwenye gogo hilo hilo. Mambo ya watani ni hivyo, mtu anaweza kukutukana miaka thelathini na usiwe umewahi kukaa naye mkanyamaza pamoja. Hawakujua waangalie wapi.

"Odilia, mimi nilimwigiza ili mcheke, mkamzike. Kazi ya mtani ni hiyo. Anamleta marehemu kwa jioni moja, mnamcheka, mnaagana naye, basi. Nilikuwa nangoja kuku wangu. Sikumleta akae."

"Kwa nini ulimrudisha nyuma pale mtoni?"

"Nini?"

"Ulikuwa unamwigiza mwanangu. Kwa nini ulimfanya arudi kunichukua? Tulinave alikuwa harudi nyuma kwa mtu. Wewe ulimwona akicheza hivyo lini?"

Skolastika alifikiri sana, na jibu lilipokuja lilikuwa dogo. "Sikumwona. Ulikuwa umekaa pale kwenye mkeka, uso umekwisha kabisa. Nikakuonea huruma. Nikasema ngoja nimfanye mtoto awe mwema kidogo, awarudie waliobaki nyuma."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, na ni kweli; ila siku hiyo Odilia alijua pia uchungu wa kupewa msamaha na asiyehusika. Aliona aibu, kisha hasira, kisha alimshika mtani wake mkono akaomba kama mtoto.

"Ridhia. Nakuomba. Hata kama si yeye. Nimeshamzoea."

"Nikiridhia utakuwa unacheza na mimi," Skolastika akasema. "Mimi, Skolastika, niliyekaa hapa. Sasa unanitafutia nini kwenye mashine? Mimi sijafa. Nipo nyumba ya tatu. Ukitaka kucheza ng'ombe njoo tucheze, nitakurudia mtoni kila siku, na makalio nitayatikisa mpaka uchoke. Lakini usinivike jina la mtoto wako halafu ukasema amekusamehe. Hilo siwezi, mtani. Nitashindwa kulala."

Odilia aliondoka bila kuaga. Njiani alizitafakari njia mbili zilizobaki. Angeweza kuuacha mwezi uishe, Zeze linyamaze, naye abaki na miaka miwili ya furaha ambayo sasa alijua ilikotoka. Au amsikie mwanawe mwenyewe. Alijiambia kwamba Tulinave wa kweli, hata akija na hasira, ni Tulinave, na kwamba mama anayemkimbia mtoto wake kwa kuogopa atakachoambiwa hastahili kuitwa mama. Alijiambia pia kwamba watu hubadilika, kwamba huenda binti alisamehe kimoyomoyo na hakupata nafasi ya kusema. Alipofika nyumbani alikuwa ameshaamua, na alijisikia mtu mwema kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Liwalo na liwe. Akampigia simu fundi.

4

Kupepeta hakukuchukua muda. Lwitiko aliwasha, akangoja, akafuta jasho ingawa chumba kilikuwa na baridi. Michirizi ya njano ilififia mmoja mmoja hadi kioo kikabaki na buluu peke yake. Skolastika alikuwa amekuja bila kuitwa, akaketi kwenye stuli karibu na mlango. Hakuleta mzaha wowote, na hilo lilimtisha Odilia kuliko mashine.

"Ukimwita jina ataamka," kijana akasema. Akakusanya vifaa vyake, akavaa viatu, akaondoka. Kanuni za kampuni hazikumruhusu kusikiliza.

Odilia akaketi, akashika pedi.

"Tulinave."

Kwenye kioo kulikuwa na ukingo wa mto na majani makavu. Msichana alikuwa amesimama hapo na sweta lake. Alikuwa mwembamba kuliko yule wa juzi, na mabega yalikuwa yameanguka, na Odilia akamtambua mara moja kwa namna ambayo hakuwahi kumtambua yule mwingine. Hivyo ndivyo alivyokuwa anasimama akisubiri lifti ya hospitali. Msichana akageuka, akatazama moja kwa moja nje ya kioo.

"Mama."

Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa na ule ukwaruzo wa mrija wa kooni. Odilia akajiziba mdomo kwa mkono, machozi yakamtoka, akatikisa kichwa kuitikia.

"Mama, bado hatujarudi nyumbani?"

"Tupo nyumbani, mwanangu. Hapa ni nyumbani. Sebuleni."

Tulinave alitazama huku na huku kwenye yale majani, akitafuta hiyo sebule. "Sipaoni," alisema.

"Tuli, mama yako nataka kukuuliza." Alikuwa amelifanyia mazoezi swali hilo usiku mzima na sasa lilitoka limepinda. "Yale ya hospitali. Kwamba niliwaambia waendelee. Ulinisamehe?"

Msichana akainamisha kichwa. Hakuwa anafikiri kwa hila wala kumwadhibu mtu. Ilionekana wazi kwamba swali lilikuwa zito kuliko nguvu alizokuwa nazo.

"Sijui, mama. Nimechoka. Ninapofika hapa ninachoka, nikiamka nimechoka. Nilikwambia." Akavuta mikono ya sweta ikafunika vidole. "Naomba niondoke. Unikubalie tu."

Chini ya miguu yake maandishi yakajitokeza, meupe, yenye adabu. Mwenzi anaomba kuondoka. Ndiyo. Hapana. Ukikataa, ataweza kuomba tena kesho.

Odilia aliyasoma mara nyingi kuliko yalivyohitaji. Nyuma yake stuli ililia.

"Mkubalie mtoto, Odilia," Skolastika akasema. Haikuwa sauti ya utani. Katika miaka yote ya ujirani alikuwa hajawahi kumwita jina lake kwa upole namna hiyo. "Mkubalie. Nitakaa na wewe. Nitalala hapa hapa kwenye kochi hata mwezi mzima."

Na alikuwa anataka kumkubalia, hilo lisemwe kwa haki. Kidole gumba kilienda mpaka juu ya Ndiyo kikakaa hapo. Lakini aliinua macho, akamwona. Nywele zile, zilizoanza kuota tena kwa mabaka baada ya dawa. Kovu la kidevuni la kuanguka darasa la pili. Sauti ile ingekatika akibonyeza, na isingerudi tena, na nyumba ingebaki na cherehani ya kufumia masweta na saa ya ukutani. Kule hospitalini alikuwa na daktari wa kumsingizia, alikuwa na matumaini, alikuwa na watu wa kanisani waliomwambia asikate tamaa. Hapa hakuwa na kisingizio hata kimoja. Hakukuwa na ugonjwa wa kupona. Alijua anachoombwa, alijua anaombwa na nani, na alijua atakuwa mtu wa namna gani baada ya kubonyeza.

Akabonyeza Hapana.

"Leo tu," akasema haraka haraka. "Tucheze leo tu, mama. Tuvushe hawa wachache, halafu kesho tutazungumza."

Skolastika alisimama. Alitafuta kanga yake, akajitanda, akafungua mlango akatoka nje. Odilia alizisikia hatua zake zikishuka ngazi za mawe, na akajua mtani wake hatamtania tena.

Tulinave hakubisha. Hata alipokuwa hai hakuwahi kubishana na mama yake zaidi ya mara moja. Akakaa chini kwenye majani, akakumbatia magoti, na kungoja mama yake acheze.